Into the Breach: gemu ya zamu kwa zamu isiyokuachia kisingizio

Ubao una miraba 64, nane kwa nane. Juu yake kuna roboti zako tatu, majengo yanayokaliwa na watu, na wadudu wakubwa waitwao Vek waliochomoza kutoka ardhini. Kabla hujagusa kitu, kila Vek ameshatangaza nia yake: huyu atapiga jengo lile, yule atatema kombora kuelekea kule, na nguvu ya kila pigo imeandikwa wazi. Una zamu moja ya kuivuruga mipango yao yote, na una muda wowote utakao wa kufikiri.

Hiyo ndiyo Into the Breach, kazi ya studio ndogo ya Subset Games, ya Justin Ma na Matthew Davis, walewale waliotoa gemu ya FTL mwaka 2012. Ilitoka Februari 2018 kwa Windows, ikafika Mac na mashine ya gemu ya Nintendo Switch mwaka huohuo, na Julai 2022 ikapata toleo lililopanuliwa, Advanced Edition, lililokuwa bure kwa kila aliyekwisha kuinunua. Tangu hapo zimetoka gemu nyingi za mikakati zenye ramani pana na picha za kupendeza kuliko hii. Hata hivyo, mtu akiuliza utamu wa gemu za zamu kwa zamu uko wapi, hii ndiyo ya kumwekea mezani, kwa sababu waundaji wake wamepunguza karibu kila kitu kingine wakaubakiza utamu wenyewe.

Wengi huueleza utamu huo kwa neno moja: utulivu. Hakuna wa kukukimbiza, unaweza kuiacha katikati ukapika chai, vidole vyepesi havihitajiki. Ni kweli, lakini kuna gemu tulivu chungu nzima zisizovutia hata kidogo. Kinachomrudisha mchezaji ni uwazi wa hesabu. Kwenye gemu ya kasi ukishindwa una pa kutupia lawama: kidole kimeteleza, intaneti imekwama, adui ametokea mgongoni. Kwenye gemu ya zamu iliyotengenezwa vizuri unaweza kurudi kichwani hadi kwenye hatua ileile iliyokuponza na kuinyooshea kidole. Into the Breach imelifikisha jambo hilo mbali kuliko gemu nyingine yoyote ya aina yake.

Zamu moja inavyokwenda

Mpangilio haubadiliki. Kwanza unacheza wewe: kila roboti husogea mara moja, kisha hufanya tendo moja, ama kutumia silaha ama kujikarabati. Ikishafanya tendo haisogei tena. Ukimaliza, moto huwaunguza waliowaka, yanafuata majanga ya eneo lenyewe kama radi au mawimbi, kisha Vek wanapiga mmoja baada ya mwingine kwa namba zao. Halafu wapya wanachomoza kwenye mashimo yaliyoonyeshwa tangu zamu iliyotangulia, wote wanajipanga upya, na matangazo mapya yanatolewa. Pambano huwa na zamu nne au tano hivi. Zikiisha, Vek waliobaki hurudi chini ya ardhi wenyewe.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayowapita wageni. Kama adui ataondoka mwenyewe, basi huna haja ya kumuua. Unachotakiwa ni kuhakikisha pigo lake la zamu hii halimpati mtu. Anayetoka kwenye gemu za risasi huanza kwa kuwinda Vek mmoja hadi afe, huku wengine wawili wakibomoa majengo mawili upande wa pili wa ubao, kisha analalamika kwamba gemu ni ngumu mno.

Majengo ndiyo roho yako. Kila jengo likipigwa, Gridi ya umeme inapungua. Unaanza safari na pointi 5, kiwango cha juu ni 7, na ikifika sifuri mchezo umekwisha hata kama roboti zote tatu zinang'aa. Tena Gridi haijirudishi: upungufu wa pambano la kwanza unaubeba hadi la mwisho. Roboti, kwa upande mwingine, hukarabatiwa bure kila pambano linapokwisha. Ukizitazama sheria hizo mbili pamoja, bei za vitu zinajitokeza zenyewe. Uhai wa roboti ni sarafu ya kutumia ndani ya pambano, Gridi ni akiba ya kutunza. Roboti yenye uhai 3 ikisimama mbele ya jengo ikapokea pigo la 1, umelipa kidogo sana. Mpaka ni sifuri tu: roboti ikizima, rubani wake hufa na haponi, ingawa mashine yenyewe hurudi pambano linalofuata.

Kusukuma

Silaha nyingi hapa hudhuru kidogo na husukuma. Kikosi cha kuanzia, Rift Walkers, kina roboti tatu. Ya ngumi hugonga aliye jirani kwa pigo la 2 na kumsukuma mraba mmoja. Ya mzinga hufyatua kombora la mstari ulionyooka, pigo la 1, na humsukuma wa kwanza atakayekutwa. Ya tatu hurusha bomu la juu linaloruka vizuizi. Linapotua hudhuru mraba wa katikati kwa 1, na miraba minne ya pembeni husukumwa kuelekea nje bila kudhurika.

Sasa, pigo la Vek limefungwa kwenye mwelekeo na umbali, halikufungwa kwenye shabaha. Vek aliyetangaza kupiga mraba wa mashariki yake, akisukumwa kusini hatua moja, bado atapiga mashariki yake, ila sasa ni mraba mwingine kabisa. Kama kwenye mraba huo kuna Vek mwenzake, atampiga mwenzake. Kama ni maji matupu, pigo limepotea. Kila adui ubaoni, kwa hiyo, ni silaha yako ambayo bado haijaelekezwa.

Chukua mfano mmoja. Vek anayetema makombora ya mstari, mwite wa kwanza, anatazama mashariki na jengo liko kwenye mstari wake. Katika safu inayofuata kusini, mashariki vilevile, kuna Vek wa aina ya nyigu aliyebaki na uhai 1 anayetaka kuchoma jengo jingine. Mbali kidogo kuna wa tatu, mwenye uhai 2, anayerusha mabomu. Vitisho ni vitatu na roboti ni tatu, kwa hiyo jibu la haraka ni kila roboti na adui wake. Jibu bora ni kutua bomu la juu kwenye mraba mtupu ulio kaskazini ya yule wa kwanza. Bomu halimdhuru yeyote, ila linamsukuma kusini mraba mmoja, na mstari wake wa kombora sasa unapita alipo nyigu. Zamu yao ikifika, anatema, nyigu anakufa, na majengo yote mawili yamesalimika kwa tendo moja. Ngumi inammaliza wa tatu. Roboti ya mzinga imebaki bila kazi, hivyo inaweza kwenda kukanyaga shimo ambalo Vek mpya alikuwa atoke.

Mpango huo una sharti moja: yule wa kwanza awe na namba ya kupiga iliyo mbele ya namba ya nyigu. Namba zikiwa kinyume, nyigu anachoma jengo kwanza, ndipo anauawa akiwa ameshafanya alilokusudia. Gemu ina kitufe cha kuonyesha mpangilio wa mapigo (kwenye kompyuta ni kushikilia Alt), na mchezaji asiyekibonyeza kila zamu anacheza nusu ya gemu.

Ardhi nayo inahesabika. Vek wa kawaida asiyeruka akisukumwa majini anakufa papo hapo hata kama ana uhai 5, na ndivyo ilivyo kwenye makorongo. Mlima huhimili mapigo mawili kabla haujabomoka, basi mlima mmoja mbele ya jengo ni zamu mbili za amani. Msitu ukipigwa huwaka. Mchanga ukipigwa hutoa moshi, na aliyesimama kwenye moshi hawezi kupiga. Moshi haubagui, kwa hiyo roboti yako ikisimama humo nayo haipigi wala haijikarabati. Anayesukumwa akakutana na kizuizi hasogei. Badala yake yeye na kizuizi wanapata pigo la 1 kila mmoja. Kati ya Vek wawili hiyo ni neema. Kati ya Vek na jengo ni wewe mwenyewe umebomoa jengo.

Yanayokwenda vibaya

Kosa linalogharimu zaidi ni kupiga kabla ya kusogeza. Mwendo unaweza kutenguliwa mara nyingi upendavyo, mradi hujatumia silaha. Ukishapiga, miendo yote iliyotangulia imekuwa saruji. Basi kwenye zamu ngumu, zisogeze roboti zote tatu kwanza pale ambapo hazitategemea matokeo ya pigo, zitazame kwenye nafasi zake mpya, ndipo uanze kufyatua. Hata kusogeza tu bila nia ya kubaki ni njia ya kuchunguza, kwani silaha ikishikwa huonyesha hali itakavyokuwa baada ya pigo.

Kila pambano linakupa nafasi moja ya kuirudisha zamu nzima mwanzo. Wengi huitumia zamu ya kwanza kwa kujutia jambo dogo, kisha zamu ya tatu wanapoteza majengo mawili huku mkono mtupu. Ihifadhi kwa ajili ya tukio lililokwenda tofauti na ulivyosoma: bomu lililokusukuma wewe mwenyewe, mlipuko usioutarajia. Huo wa pili huletwa zaidi na Psion, kiumbe anayeelea ambaye hapigi, ila huwapa wenzake wote sifa fulani angali hai. Mmoja huwaongezea uhai 1 kila mmoja, mwingine huwapa ngozi ngumu inayopunguza kila pigo kwa 1, na mmoja huwafanya walipuke wanapokufa. Huyu wa mwisho ameshabomoa majengo mengi kuliko Vek wanaopiga, kwa sababu mchezaji anamuua adui aliye kando ya jengo na kushangilia sekunde moja kabla ya mlipuko. Pambano likiwa na Psion, muue yeye kwanza kama njia ipo. Kama haipo, soma sifa yake kabla ya kila pigo.

Utando ni mtego mwingine. Baadhi ya Vek humfunga roboti jirani asisogee, na mgeni huiona roboti hiyo kama imepotea kwa zamu nzima. Roboti iliyofungwa bado inaweza kupiga. Tena aliyeifunga akiuawa au akisukumwa mbali, utando unakatika na roboti inakuwa huru kusogea zamu hiyohiyo. Maana yake utaratibu wa nani atangulie unabadilika: roboti nyingine ipige kwanza, iliyofungwa isubiri.

Kuhusu mashimo: aliyesimama juu ya shimo humzuia Vek mpya na hupata pigo la 1. Roboti yenye uhai 1 isikanyage shimo kamwe. Lakini Vek naye akisukumwa juu ya shimo huzuia vilevile, na pigo linampata yeye. Zamu ambayo huna la kufanya na roboti moja, tafuta Vek wa kumbwaga juu ya shimo la mwenzake.

Visiwa, sifa na vinu

Safari nzima ni ya visiwa vinne, kila kimoja na tabia yake. Kimoja ni tambarare, kimoja jangwa la radi na moto, kimoja barafu yenye roboti zilizoasi, na kimoja cha taka na asidi inayofanya pigo kuwa mara mbili. Kila kisiwa kina mapambano manne unayoyachagua kwenye ramani, halafu moja la kulinda makao makuu dhidi ya kiongozi wa Vek. Baada ya visiwa viwili unaruhusiwa kwenda moja kwa moja kwenye kisiwa cha mwisho, au uendelee hadi vitatu au vinne. Pambano la mwisho hukua kulingana na idadi uliyomaliza, hivyo kwenda mapema si ujanja wa kukwepa.

Kila pambano lina masharti ya ziada: linda treni, ua Vek saba, usiruhusu roboti kudhurika sana. Malipo yake mara nyingi ni nyota za sifa au pointi za Gridi, na yanaonekana kabla hujachagua pambano. Hapa ndipo safari nyingi hufa taratibu bila mchezaji kujua. Gridi ikiwa chini ya 4, chagua mapambano yanayolipa Gridi hata kama ni mabaya. Ikiwa 6 au 7, fuata nyota. Mwisho wa kisiwa unafika dukani: pointi 1 ya Gridi ni nyota 1, na kinu cha nguvu ni nyota 3. Vinu ndivyo vinavyowasha maboresho, na tofauti ya kikosi chenye vinu vitano na chenye viwili kwenye kisiwa cha mwisho ni kubwa kuliko tofauti ya silaha yoyote mpya.

Kwa Rift Walkers, kinu cha kwanza kina mahali pake: boresho la bomu la juu linalofanya majengo yasidhurike nalo. Linataka kinu kimoja tu, na kuanzia hapo unaweza kutua bomu juu ya jengo lenyewe na kuwasukuma Vek wote wanaolizunguka kwa tendo moja. Maboresho ya kuongeza nguvu ya pigo yanavutia macho, ila yanataka vinu viwili au vitatu kila moja, na yanakurudisha kwenye tabia ya kuwinda.

Kuna pia maganda yanayodondoka katikati ya pambano yakiwa na kinu ndani, mara nyingine na rubani au silaha. Linaokotwa kwa kulikanyaga, au kwa kulilinda hadi pambano liishe. Vek akilikanyaga, limepotea. Liokoe kila mara isipokuwa pale bei yake ni jengo.

Vikosi

Hapa ndipo fedha ya mnunuzi inaporudi. Toleo la mwanzo lina vikosi vinane vya kawaida na kimoja cha siri. Advanced Edition iliongeza vitano. Vinafunguliwa kwa sarafu zinazotokana na kutimiza majaribio maalum, matatu kwa kila kikosi. Na kila kikosi ni kama gemu tofauti iliyochezwa kwenye ubao uleule.

Rusting Hulks hucheza kwa moshi. Hawaui haraka, ila kila wanakopita adui hawezi kupiga, na kifaa chao cha dhoruba huwachoma Vek waliomo ndani ya moshi. Steel Judoka huwanyanyua maadui na kuwatupa upande wa pili, hivyo lazima uwaze kinyume: si adui aende wapi ukimsukuma, ni aende wapi ukimvuta. Blitzkrieg wana umeme unaoruka kutoka kiumbe hadi kiumbe kilichopakana naye, wa kushangaza ubao ukiwa umejaa, na wa hatari kwa sababu hauulizi nani ni rafiki. Zenith Guard wana mwale unaopenya viumbe vyote kwenye mstari, ukipungua nguvu kadiri unavyokwenda mbali. Flame Behemoths ndicho kikosi kinachowakatisha tamaa wengi, maana moto unataka subira na zamu za mwanzo huonekana kama hufanyi lolote. Usikifungue cha pili. Rusting Hulks ndio wa kufuata baada ya Rift Walkers, kwani wanakufundisha kwamba zamu nzuri inaweza kupita bila kumgusa adui.

Bahati

Gemu nyingi za mikakati za zamu kwa zamu zimejengwa juu ya asilimia. Kwenye XCOM: Enemy Unknown ya 2012 askari aliyejikinga nusu huongezewa ulinzi wa 20, aliyejikinga kamili 40, na kila risasi huja na asilimia yake. Hapo ustadi ni kupanga kwa ajili ya kukosa. Mpango unaohitaji risasi tatu za asilimia 85 zote zipate hufanikiwa kwa asilimia 61 tu, ingawa kila risasi ukiitazama peke yake inaonekana ya uhakika. Anayelia kwamba gemu imemwibia kwa kawaida hakuzizidisha.

Waundaji wanaujua udhaifu huo wa binadamu. Fire Emblem, katika matoleo yake ya Game Boy Advance, huchukua namba mbili za bahati na kutumia wastani wake, hivyo 90 inayoonyeshwa kwenye skrini kwa kweli ni kama 98. Namba ni ya uongo ili hisia iwe ya kweli. Battle for Wesnoth, gemu huria iliyoanza 2003, haitaki huruma hiyo: ilichoandika ndicho, na ukilenga elf (kiumbe wa hadithi mfano wa binadamu) aliyeko msituni nafasi yako ya kumpata ni kati ya asilimia 30 na 40, usiku na mchana ukipandisha au kushusha nguvu za majeshi kwa robo.

Into the Breach imetupa karibu yote hayo. Pigo hupata, nokta. Imeacha sehemu moja tu ya bahati katikati ya pambano: jengo likipigwa lina nafasi, asilimia 15 mwanzoni, ya kuhimili bila kudhurika. Asilimia hiyo hupanda Gridi ikijazwa kupita kiwango chake. Uamuzi mzuri wa wabunifu ni kwamba bahati hiyo inaweza kukusaidia tu. Haiwezi kuuharibu mpango uliokuwa sahihi. Usiihesabu kamwe, ikija, ipokee kama mvua ya kiangazi.

Bahati nyingine iko nje ya ubao: silaha zinazoletwa dukani, Vek gani wamepangwa kisiwa kipi, rubani gani yumo kwenye ganda. Safari nyingine hupata duka lisilo na hata silaha moja inayofaa kikosi chako, na hakuna la kufanya. Hilo halikeri sana, kwani kikosi cha mwanzo bila nyongeza kinatosha kushinda kwenye ngazi ya kawaida.

Kasoro zake

Hadithi ni nyembamba kama karatasi. Marubani wanatoka wakati ujao kurekebisha yaliyopita, wanasema sentensi moja moja, na viongozi wa visiwa wanakushukuru au kukulaumu. Anayetaka kumpenda askari wake kwa miezi, kumpa jina na kumlilia, aende XCOM au Fire Emblem. Hapa unaloondoka nalo ukishinda au ukishindwa ni rubani mmoja tu, anayehamia safari inayofuata na ujuzi wake.

Pili, hii iko karibu sana na fumbo kuliko na vita. Vek hawakutegi, hawajifichi, hawarudi nyuma kujipanga. Wanachagua shabaha na kupiga. Mtu aliyelelewa na sataranji, anayefurahia kumsoma mpinzani anayemsoma yeye pia, atahisi kuna kiti kitupu upande wa pili wa meza. Na aliyezoea Civilization, gemu ya kujenga dola, ambako zamu ya 10 hupanda mbegu ya zamu ya 200, ataziona zamu nne kuwa chache mno.

Tatu, kwenye ngazi ya juu hutokea zamu isiyo na jibu kamili. Vitisho ni vinne au vitano, matendo ni matatu, na ardhi haisaidii. Hapo kazi inageuka kuwa kuchagua hasara: pigo la 1 kwenye Gridi au rubani? Ganda au sharti la nyota? Wapo wanaoona huo ndio uhondo wenyewe. Lakini dai kwamba kila zamu ina ufumbuzi mkamilifu si la kweli, na anayelishikilia huketi nusu saa akitafuta kisichokuwepo.

Ngazi ya nne, Unfair, iliyokuja na Advanced Edition, inafaa kwa waliokwisha kuzishinda nyingine kwa kila kikosi. Kwa mwingine yeyote ni adhabu.

Ununue wapi, uichezee kwenye nini

Kompyuta ndiyo mahali pake. Kiashiria cha kipanya kikipita juu ya Vek yeyote, maelezo yanajitokeza, na kwa gemu inayoishi kwa taarifa hilo ni muhimu kuliko ubora wa picha. Haidai kadi ya picha ya maana, inachukua chini ya gigabaiti moja ya nafasi, na ikishawekwa haihitaji intaneti. Laptopu ya miaka mingi iliyopita inaiendesha bila kelele. Switch ni nzuri kwa kubeba, ila kusoma taarifa za maadui watano kwa vitufe huchukua mibonyezo mingi na mtu huishia kuruka baadhi. Toleo la simu lilitoka 2022 kupitia Netflix. Miraba 64 inakaa vizuri kwenye skrini ndogo, na kidole ni chepesi kuliko padi, lakini zoea kugusa na kuangalia kwanza kabla ya kuthibitisha pigo.

Kiswahili hakimo kwenye orodha ya lugha. Maandishi ni mafupi na mengi yanafuatana na picha ya mfano inayoonyesha silaha ikifanya kazi, hivyo Kiingereza cha wastani kinatosha. Sentensi za marubani zikikupita hujapoteza kitu.

Kwa safari ya kwanza chagua ngazi ya kawaida. Ile rahisi hupunguza Vek kiasi kwamba unaweza kushinda kwa kuwinda tu, na tabia hiyo itakuponza baadaye. Zima nyongeza za Advanced Edition kwenye skrini ya kuanzisha safari, maana zinaleta Vek wenye tabia za ajabu kabla hujawazoea wa kawaida. Cheza visiwa viwili, kisha nenda kwenye kisiwa cha mwisho hata kama unajihisi huko tayari. Utahitaji saa moja na nusu hivi, na pengine utafia awamu ya pili, ile ya kulinda bomu chini ya ardhi, ambako mashimo ni mengi na nafasi ya kusogea ni finyu. Ukifika hapo, peleka roboti yenye uhai mkubwa karibu na bomu kwenye zamu ya kwanza kabisa, usingoje watangaze kulipiga.